Mchezo Mpya Kila Jumatatu

Jumapili, 3 Januari 1954

Tumefika Scarthby saa tisa alasiri, mimi, Hettie, sanduku moja na kapu la nepi. Bahari haionekani kwa ukungu, inasikika tu. Bi Clough, mwenye nyumba, alimtazama Hettie kwanza, mimi baadaye.

"Barua yako haikusema una mtoto."

"Hukuniuliza."

"Analia?"

"Kama watoto wengine."

"Afadhali. Mwaka jana nilimpangisha mpiga fidla."

Basi tumepata chumba, na jioni nikiwa kazini Bi Clough atakaa na Hettie. Mkataba wangu na kampuni ya michezo ya kuigiza ya Bwana Lomax ni wa wiki kumi na mbili, hadi 27 Machi. Baada ya hapo sijui.

Mama Garside, mama wa mume wangu Desmond, yeye anajua. Barua yake nimeikuta hapa imenitangulia. Ananipa hadi mwisho wa Machi. Nisipokuwa na kazi ya kueleweka na mahali pa kudumu, atakuja kumchukua Hettie akamlee Leeds. Desmond alimwachia karatasi yenye sahihi yake kabla ya kwenda kuigiza Australia mwezi Mei: mambo yakiharibika, mtoto akae kwa bibi yake. Mimi hakuniambia. Tangu Agosti haandiki.

Hettie ana miezi kumi na minne. Ametembea leo kutoka kitandani hadi dirishani akalipiga kioo kofi.

Jumatatu, 4 Januari

Tumefungua. Watu arobaini. Watatu walilala.

Alhamisi, 7 Januari

Naandika kazi yenyewe ilivyo, nisije nikasahau ni siku gani. Kila Jumatatu tunafungua mchezo mpya. Asubuhi tunafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo. Mchana nakariri huku nafua nepi. Jioni tunacheza mchezo wa wiki hii. Jumamosi tunacheza mara mbili, mchana na jioni, halafu mchezo ule tunautupa kichwani kama maji ya ndoo, maana mwingine unangoja nafasi.

Bwana Lomax ndiye mwenye kampuni, ndiye anayetuongoza, na ndiye anayecheza kila daktari na kila askari. Kila mtu kwake ni mpenzi.

"Mpenzi, mtoto asivuke mlango wa nyuma wa ukumbi wangu. Nikimsikia hata akipiga chafya, mpenzi, unapanda treni ya asubuhi."

Jumanne, 12 Januari

Nimefanya kosa. Kwetu hakuna anayetamka mstari wa mwisho wa mchezo kwenye mazoezi. Unanyamaza tu, unainamisha kichwa, na mstari unasikika kwa mara ya kwanza usiku wa kufungua, mbele ya watu. Ukiutamka kabla, umeita mkosi. Hilo nalijua tangu nina miaka kumi na sita. Lakini usiku Hettie alikuwa anaota meno, sikulala, na leo nilifika mwisho wa ukurasa nikausema mzima, kwa sauti, vizuri kabisa.

Rex, anayecheza mume wangu wiki hii na karibu kila wiki, akaweka kikombe chini.

Maud Tansley, mkongwe wetu, yuko jukwaani tangu kabla ya vita vya kwanza. Alinyanyuka kwenye kiti chake.

"Toka nje. Zunguka mara tatu. Bisha hodi uombe kuingia."

"Maud, kuna theluji nje."

"Theluji haijawahi kuua kampuni. Mdomo umeua nyingi."

Nilizunguka. Nikabisha. Walinikawiza kunifungulia.

Jumapili, 17 Januari

Mama Garside amekuja na treni ya Leeds. Kaleta keki ya zabibu na fulana za mtoto. Amekaa ukingoni mwa kiti, kofia kichwani, kama aliyeingia ofisi ya serikali. Ni mtu wa kanisani, hajawahi kukanyaga ukumbi wa michezo. Alimfunua Hettie masikio yote mawili.

"Mwepesi huyu."

"Ameanza kutembea, Mama."

"Lazima atembee. Hana pa kukaa."

Nilijikaza kisabuni. Nikamkatia keki yake mwenyewe. Alipoondoka alimbusu Hettie utosini, mimi akanipa mkono, mkono mkavu kama ubao. Simpendi. Naandika hivi nikiwa na akili zangu timamu. Yule mwanamke anakuja kuhesabu mbavu za mtoto wangu.

Jumatano, 20 Januari

Mstari hauingii kichwani. Ukurasa mmoja, saa mbili.

Jumanne, 26 Januari

Theluji. Tangi la maji ya moto limepasuka ukumbini. Maud kanitazama mimi, si tangi.

Jumatatu, 1 Februari

Watu kumi na saba. Bwana Lomax anasema ni baridi. Rex anasema ni mimi.

Ijumaa, 5 Februari

Hettie amesema neno. Alishika sikio langu akasema "mama," nadhani alikuwa analiambia sikio. Nikafika mazoezini nimechelewa dakika kumi, na sikujali.

Jumatano, 10 Februari

Bi Clough ameteleza kwenye barafu akimwaga majivu. Kavunjika kifundo cha mguu. Walipombeba kwenda hospitali alinishika mkono akaniambia, "Viazi viko jikoni, usiviache viungue," kama vile viazi ndiyo shida yangu.

Jirani wa kulia anasema anaumwa mapafu. Jirani wa kushoto hakufungua mlango, ingawa pazia lilicheza.

Alhamisi, 11 Februari

Nimemwingiza Hettie ukumbini kwa mlango wa makaa. Kule nyuma kuna chumba cha mavazi, na ndani yake kikapu kikubwa cha kusafirishia nguo. Nimemtandikia makoti ya manyoya ya mchezo wa Krismasi. Amelala humo kama binti mfalme. Ila ana kikohozi, kile kikavu, kinachobweka kama mbwa.

Maud aliingia kutafuta shali.

"Kikapu hiki kinakohoa."

"Maud, nakuomba."

Alifunua kifuniko. Walitazamana, yeye na Hettie, muda mrefu, kama watu wawili wanaogombea kiti kimoja kwenye treni.

"Mimi sisemi," akasema. "Ila usinitegemee kumbembeleza. Watoto hawanipendi, nami sijawahi kuwalaumu."

Sijalala usiku wa pili sasa.

Jumamosi, 13 Februari, kati ya onyesho la mchana na la jioni

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Wiki hii ni mchezo wa mauaji. Sehemu ya kwanza, Rex ananiuliza, "Ulikuwa wapi saa kumi?" nami najibu, "Nilikuwa bustanini." Sehemu ya tatu ananiuliza tena maneno yaleyale, nami safari hii najibu, "Nilikuwa namtazama mtu aliyemuua Bi Pruett." Bi Pruett ni mtunza nyumba, ni Maud. Anauawa katika sehemu ya pili.

Leo mchana, dakika kumi na tano tangu pazia lifunguliwe, Rex aliniuliza, "Ulikuwa wapi saa kumi?" Na wakati huohuo, nyuma ya ukuta wa mbao, Hettie akakohoa. Nikasema, "Nilikuwa namtazama mtu aliyemuua Bi Pruett."

Bi Pruett hajafa. Yuko chumbani anafuma soksi.

Rex angeniokoa kwa neno moja tu, "Mpenzi, una homa." Lakini Rex hukariri kama kasuku. Ukimpa mstari, anakupa unaofuata. Akasema, "Basi mwite Inspekta." Na Bwana Lomax alikuwa pembeni na sigara, hajavaa hata kofia ya Inspekta. Miaka ishirini ya mazoea ikamsukuma. Aliingia na sigara yake akanguruma, "Hakuna mtu kutoka humu ndani!" Hapo ndipo akatambua. Nilimwona usoni. Nilimwona akihesabu: kurasa nne tu, muuaji anatajwa, pazia linashuka, na saa haijagonga tisa na nusu. Watu hawajamaliza hata peremende zao.

Phyllis, anayetunong'oneza mistari kutoka pembeni, alikuwa anafunua kitabu mbele na nyuma kama mtu anayefukuza nyuki.

Hapo mlango ukafunguka. Maud, na sinia la chai.

"Nasikia nimekufa," akasema. "Chai itapoa."

Ukumbi mzima ulicheka. Hata mimi kidogo nicheke. Kisha kicheko kikaisha na kila mtu jukwaani akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema, na mimi ndiye niliyetakiwa kueleza. Kichwa hakikuwa na kitu. Sio mstari wa wiki hii, sio wa wiki ijayo. Nikamsikia Hettie tena, mara mbili, kile kikohozi.

Nikamshika Maud mkono. Nikasema, "Nilikuona umekufa. Naona mengi siku hizi. Tangu waliponiambia watamchukua mtoto wangu." Mwanamke ninayemcheza hana mtoto. Sasa anaye. Nikaeleza uzito wake akilala begani. Nikaeleza kwamba naamka namgusa kama yupo. Nikasema nimeona mikono ya mtu mwingine ikimvisha viatu, na yeye haangalii nyuma. Sikulia. Niliyasema taratibu kama mtu anayetaja vitu vilivyomo kabatini, maana ndivyo ninavyoyawaza kila siku nikifua. Phyllis anasema zilikuwa dakika saba. Mwanamke mmoja safu za mbele alitoa sauti, akaizuia kwa mkono.

Kisha Maud, bila kuniachia mkono, akasema, "Kunywa chai, bibie, kisha mweleze bwana ulikuwa wapi." Akamgeukia Rex, akamkanyaga mguu, nimeona. Rex akauliza tena, "Ulikuwa wapi saa kumi?"

"Nilikuwa bustanini," nikasema.

Tukaendelea hadi mwisho. Watu walipiga makofi wamesimama.

Bwana Lomax amenifuata hadi chumba cha mavazi. Hettie alikuwa amekaa wima ndani ya kikapu na kofia ya askari kichwani.

"Mpenzi," akasema. "Wiki moja hutacheza, kuanzia tarehe ishirini na mbili. Nitamtafuta mwingine. Sikufukuzi kwa sababu leo wamesimama. Lakini mstari wa mwisho uliutamka wewe, tangi likapasuka, Bi Clough akaanguka, na sasa hili."

Naye ni mtu mzima, amesoma.

Jumapili, 14 Februari

Kadi imeletwa mlangoni. Bwana Sherrard, mtu wa studio ya filamu London. Alikuwepo jana. Alikuja kumtazama Rex, ambaye amekuwa akimwandikia barua kwa miaka mitatu. Ananitaka mimi, tarehe 24, kwa majaribio mbele ya kamera.

Nimeisoma kadi mara sita. Nikamsomea na Hettie. Akaitafuna pembe.

Jumatatu, 15 Februari

Rex hanisalimii. Jukwaani lazima anibusu. Leo alibusu hewa.

Jumapili, 21 Februari

Nimemwandikia Mama Garside mwenyewe, kwa mkono wangu, aje amchukue Hettie wiki hii moja. Hakuna mwingine. Bi Clough amerudi, lakini mguu uko kwenye plasta na bado ana maumivu, na London siwezi kwenda na mtoto anayebweka.

Alikuja. Kofia ileile.

"Kikohozi hiki kina muda gani?"

"Siku kumi na moja."

"Na daktari?"

"Kaja mara moja, Mama. Kasema tumpe mvuke."

Alimfunga Hettie mablanketi mawili, akanyanyua sanduku lake mwenyewe. Stesheni Hettie alinipungia mkono, jinsi nilivyomfundisha. Nilimfundisha mwenyewe kupunga mkono! Nimerudi nikaosha kikombe chake ambacho hakikuwa kichafu.

Jumatano, 24 Februari, London

Taa kali kuliko jua la Julai. Mtu mmoja anakupaka uso, mwingine anapima kutoka puani kwako hadi kwenye kamera kwa futi ya fundi nguo. Bwana Sherrard ni mpole, ana kikohozi cha sigara.

"Yale uliyosema Scarthby. Nayataka tena."

"Yale sikuandikiwa, Bwana. Yalitoka tu."

"Basi yatoke tena."

Yakatoka. Mara ya kwanza mpiga picha alifuta jicho. Mara ya pili taa iliungua. Mara ya tatu, "Vizuri, ila usimeze mate." Mara ya nne, "Sasa chozi, bi mdogo. Jicho la kushoto, ndilo lenye taa." Mara ya tano lilikuja, jicho la kushoto. Walifurahi. Mara ya sita nilikuwa nasema jinsi Hettie anavyolala begani, na kichwani nawaza kama nimefunga bomba la gesi kwa Bi Clough.

Hapo niliogopa kuliko mchana ule wa Scarthby.

Ijumaa, 26 Februari, London

Wananitaka. Miaka saba. Bwana Sherrard mwenyewe ameniwekea karatasi mbele yangu. Jina Nesta Vane badala ya Nesta Garside. Miaka ishirini badala ya ishirini na minne. Na kifungu cha tisa: mwigizaji hana mume wala mtoto, wala hatatamka hadharani kwamba anao.

"Ninaye," nikasema.

"Najua. Kila mtu ana kitu. Mtoto atakuwa wa kaka yako."

"Sina kaka."

"Tutakupa. Alikufa vitani, watu wanapenda hivyo. Unamsaidia mtoto wake, unamtembelea Jumapili. Atakuita shangazi."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayenichagulia kofia. Nina hadi tarehe 20 Machi kusaini.

Kwenye treni nimejaribu kulisema kwa sauti ya Hettie. Shangazi. Mzee wa kiti cha mbele alidhani naongea naye.

Jumapili, 28 Februari, Leeds

Nilitayarisha maneno makali njia nzima. Mama Garside alifungua mlango hajavaa kofia. Sijawahi kumwona bila kofia. Nywele zake ni nyeupe kabisa na chache. Macho mekundu.

Jumatano usiku, siku ileile niliyohangaika na chozi la jicho la kushoto, Hettie alibanwa pumzi hadi midomo ikawa ya buluu. Mama Garside alimkalisha mapajani mbele ya birika linalochemka, shuka juu ya vichwa vyao wawili, hadi kukakucha. Na Alhamisi vilevile. Mikono yake ina malengelenge ya mvuke. Daktari anasema imepita.

Hettie aliponiona alijificha nyuma ya sketi ya bibi yake.

Nilingoja huyo mama atabasamu. Nilimtazama nikitafuta tabasamu. Alimshika Hettie mabega akamgeuza.

"Yule ni nani? Yule ni mama. Haya, nenda."

Hettie alifikiria. Kisha akaja.

Tulikunywa chai. Nikamwuliza kama Desmond amemwandikia. Aliinuka akachochea makaa, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

"Hata mimi haniandikii, Nesta. Nilidhani anakuandikia wewe."

Miezi yote hii kila mmoja wetu alidhani mwenzake anazo barua.

Lakini mlangoni alisema, "Mwisho wa Machi bado ni mwisho wa Machi." Naye akamvalisha Hettie glavu, kidole kimoja kimoja.

Jumatano, 3 Machi

Bi Clough anaangalia mtoto akiwa kwenye kiti, mguu juu ya kigoda. Hettie anaupanda ule mguu wa plasta kama kilima. "Muache, hausikii kitu," anasema Bi Clough. "Ni mimi ninayesikia."

Ijumaa, 5 Machi

Nilimwonyesha Maud ile karatasi. Nilitaka aniambie niichane. Aliisoma yote, kidole chini ya kila mstari.

"Saini."

"Maud!"

"Unataka nikudanganye? Mwaka wa 1922 nililetewa karatasi kama hii. Nilikuwa na kijana wangu, miaka mitatu. Nikasema hapana, mimi ni mama. Nikaenda naye kila mji, kila chumba chenye baridi. Sasa ana miaka thelathini na mitano. Ananitumia kadi ya Krismasi yenye picha ya mbwa. Mbwa ni wa kwao, simjui jina."

"Unajuta?"

"Sijui, mwanangu. Ningekuwa na joto, hilo nina hakika." Akakunja karatasi. "Mtoto hashukuru. Ukimbakiza, mbakize kwa sababu unamtaka wewe. Usimdai baadaye."

Nilidhani ni mwanamke mkali. Ni mwanamke aliyechoka tu, kama mimi, isipokuwa yeye kachoka zamani.

Jumatatu, 8 Machi

Mchezo wa kumi. Nacheza yaya. Nimembeba mwanasesere kwa mkono uliozoea, nyonga imesukumwa upande, na Bwana Lomax kasema, "Mpenzi, sasa hivyo ndivyo."

Alhamisi, 11 Machi

Mvua. Hettie ananikumbatia mguu nikivaa koti la kwenda kazini. Namng'oa kidole kidole.

Jumatatu, 15 Machi

Orodha ya watakaocheza majira ya kiangazi imebandikwa. Jina langu halipo. Nilimfuata Bwana Lomax.

"Si mimi, mpenzi, ni kampuni. Wana wasiwasi. Rex anasema hawezi kucheza na wewe. Na una ile karatasi ya London mfukoni, unataka nini kwangu?"

Kila mtu anajua habari za karatasi. Kwa hiyo sasa ni ile karatasi au sina mbele wala nyuma. Siku tano.

Jumanne, 16 Machi

Nimeshika kalamu. Nimeiweka chini.

Jumatano, 17 Machi

Vilevile. Niliandika herufi ya kwanza, N, kwenye gazeti, kujizoeza. Nesta Vane. Mwandiko ulitoka mzuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Nyumba yenye joto. Daktari akiitwa anakuja. Viatu vipya kila mguu ukikua. Ningempa Hettie kila kitu, na ningekipeleka Jumapili.

Miaka saba. Akifika minane atajua kusoma, na jina langu litakuwa limebandikwa kwenye kuta za sinema, na ataniuliza, Shangazi, mama yangu alikuwaje?

Ningelazimika kumjibu. Kwa uzuri, kwa chozi la jicho la kushoto.

Alhamisi, 18 Machi

Nimekata kifungu cha tisa. Kalamu na rula, mstari mmoja mnyoofu. Pembeni nikaandika: "Nina binti mmoja, Henrietta Garside, aliyezaliwa Novemba 1952. Mengine yote nimekubali." Nikasaini chini. Nikapeleka posta mwenyewe. Karani aliilamba stempu, akagonga muhuri, basi, imekwenda. Nilitaka kuirudisha. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nina kingine.

Ijumaa, 19 Machi

Kimya.

Jumamosi, 20 Machi

Kimya. Maonyesho mawili. Sikukosea hata neno.

Jumatatu, 22 Machi

Mchezo wa mwisho. Kichekesho. Watu mia na kumi, wamecheka, Mungu awabariki, mimi nilikuwa nahesabu siku za posta.

Jumanne, 23 Machi

Kimya.

Jumatano, 24 Machi

Nimemkata Hettie nywele za mbele. Zimekaa upande. Nimemkaripia kwa kugeuka, kisha nikalia, kisha yeye akalia kwa kuwa nimelia. Bi Clough akapiga plasta yake kwa bakora: "Jamani, kuna mgonjwa humu!"

Alhamisi, 25 Machi

Barua imekuja. Nimeifungua jikoni nimesimama.

Studio inasikitika. Mkataba wa miaka saba umeondolewa. Mistari mitatu, kwa mashine.

Chini yake kwa mkono, mwandiko wa Bwana Sherrard: "Wewe ni mpumbavu, Bi Garside. Kuna sehemu ya muuguzi, siku tisa, kuanzia tarehe 5 Aprili. Maneno kama thelathini. Muuguzi hakuna anayemwuliza kama ana mtoto. Ukitaka, njoo."

Siku tisa. Nilikaa sakafuni. Nimebadilisha miaka saba kwa siku tisa. Hettie akaja akanikalia.

Jumamosi, 27 Machi

Mama Garside alifika mchana, kabla ya onyesho la mwisho. Kaja na kigari cha mtoto, kipya, kutoka Leeds, kwenye behewa la mizigo. Aliweka karatasi ya Desmond mezani kwa Bi Clough. Ni kipande kidogo. Nilidhani kitakuwa kikubwa.

"Una kazi?"

"Ya siku tisa, Mama. London."

"Na baada ya hizo?"

"Sijui."

"Una nyumba?"

"Sina."

"Basi tumeelewana," akasema, na sauti haikuwa ya mtu aliyeshinda. Alikuwa anatazama zile nywele za Hettie zilizokaa upande.

"Hatujaelewana. Simtoi."

"Nesta, mwanangu, usinifanye niite watu."

"Waite. Nitawaambia ulivyokaa naye chini ya shuka usiku wa siku mbili, mikono ikakuungua. Sitakusema vibaya hata neno. Lakini simtoi. Walitaka aniite shangazi wanipe kila kitu, nimekataa. Sasa nikupe wewe bure?"

Alikaa. Bi Clough alijifanya amelala, jicho moja wazi.

"Njoo wewe," nikasema. Sikuwa nimepanga. "Kama ni Hettie unayemtaka, atakuwa London. Njoo ukae naye nikiwa kazini. Nikirudi, ni wangu. Siku tisa. Baada ya hapo tutagombana upya."

"Mimi? Chumba cha kupanga? Na watu wa michezo?"

"Ndiyo, Mama."

"Ili wewe ukasimame ukaseme uongo."

"Ndiyo, Mama."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, Hettie anachezea gurudumu la kigari, anazungusha, anazungusha. Mama Garside aliichukua ile karatasi. Nilidhani ataichana. Aliikunja akairudisha mkobani, akafunga kibanio.

"Hicho chumba," akasema, "kina jiko la gesi au la makaa?"

Jumatatu, 5 Aprili, London

Saa kumi na mbili asubuhi, geti la studio. Giza linaondoka, ukungu wa moshi. Mama Garside kavaa kofia, anasukuma kigari kama anakwenda kwa hakimu. Alitaka kuona mahali penyewe kabla ya kuniruhusu kuingia. Mimi sikulala. Nilikuwa narudia maneno yangu thelathini, na yale mengine, yale nitakayojibu wakiniuliza.

Mlinzi alikuwa na daftari, penseli sikioni, chai ya moto.

"Jina?"

"Nesta Garside. Muuguzi."

"Bi Garside. Na hao?"

Miezi mitatu, kifungu cha tisa, Maud na kadi yake ya mbwa, miaka saba niliyoitupa kwa rula.

"Mama mkwe wangu," nikasema. "Na binti yangu."

Aliandika bila kuinua kichwa.

"Kigari kisizibe njia," akasema. "Jengo la pili, kushoto. Anayefuata!"